Jinsi chungu cha shangazi yangu kilivyokuwa buletini yangu ya hesabu, Uvira

Wakuu, amani ya Bwana iwe nanyi. Mzee naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya si ya kusimuliwa: nilikuwepo, na viatu vyangu vililowa maji.

Juzi mwanachama mmoja hapa alilalamika kwamba ujazo wa maumbo ya kuzungushwa unamtesa. Unapewa eneo bapa chini ya mstari, unaambiwa ulizungushe, utafute umbo litakalotokea linajaa kiasi gani.

Nikacheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuangalia kuna nini.

Turudi nyuma. Uhuru ulikuwa bado mchanga, uasi ukafika Uvira. Walimu wetu Wabelgiji wakavuka kwenda Bujumbura, shule ikafungwa. Nilikuwa nimetoka kumaliza mwaka wa tano. Nikakimbilia Lubarika, kwa shangazi yangu Furaha, mfinyanzi.

Nilibeba daftari moja tu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na somo hilohilo la kuzungusha. Kanuni nilizijua kwa kichwa kama sala, ila sikuelewa hata kidogo.

Wakuu, kwetu wakati ule mfinyanzi hakuwa na gurudumu. Chungu kinakaa palepale, mtu ndiye anayezunguka. Shangazi aliinama, akashika kipande cha kibuyu kilichokatwa kwa mkunjo, akakibana kwenye udongo, akaanza kutembea kinyumenyume kukizunguka chungu. Duara baada ya duara. Na ukuta wa chungu ukachukua mkunjo uleule wa kibuyu.

Nikasimama wima. Kibuyu ni mstari wangu! Shangazi ndiye anayeuzungusha! Kila hatua chungu kinaongezeka, na ukikikata kwa mlalo unapata visahani vya duara, vyembamba, kimoja juu ya kingine. Vijumlishe vyote, umepata ujazo. Basi! Ndiyo hiyo tu!

Nikaanza kucheka na kurukaruka uani.

"Weye, iko na malaria?" shangazi akauliza, bila kuacha kuzunguka.

"Hapana, shangazi. Minye nimeelewa!"

"Umeelewa nini?"

"Chungu!"

"Ee Yesu. Miaka yote hii ulikuwa unaona ni nini?"

Nilimshukuru Mungu siku ile kwa sauti, na hata leo namshukuru.

Shule ilipofunguliwa tena, tatizo. Ofisi ilikuwa imeungua pamoja na karatasi zote za pointi. Prefe, yaani mkuu wa shule, akatangaza: asiye na buletini, yaani ripoti ya pointi, ya mwaka wa tano anarudi mwaka wa tatu. Miaka mitatu, wakuu! Baba alikuwa amefariki, na mama alikuwa ameshasema hataweza kunisomesha zaidi ya mwaka mmoja. Kurudi mwaka wa tatu kwangu kulikuwa kuacha shule.

Nikarudi Lubarika, nikapanda lori la Uvira pamoja na chungu kikubwa cha shangazi, cha mdomo mpana. Shangazi naye akapanda. Hakuniamini na chungu chake.

Tulimkuta Prefe darasani, akatutazama juu ya miwani.

"Iko nini hii?"

"Iko chungu, Bwana Prefe. Buletini siko nayo. Lakini naweza kukuambia kinaingia lita ngapi, bila kumimina maji."

Darasa zima likalipuka. Prefe naye mdomo ukamcheza. "Sema. Ukipata, mwaka wa sita. Ukikosa, mwaka wa tatu, na sitaki kusikia kilio."

Nikapima kwa rula. Mkunjo wa shangazi ulikaribia sana parabola, na parabola ikizungushwa kwenye mhimili wake hujaa nusu kamili ya silinda inayoizunguka. Nusu kipenyo sentimita ishirini na mbili, urefu thelathini na mbili. Nikaandika ubaoni kwa mbwembwe: lita ishirini na nne na kidogo.

Prefe akachukua chupa ya lita moja, akaanza kumimina mwenyewe. Madirisha yakajaa vichwa vinavyohesabu. Kumi na sita! Kumi na saba! Kumi na nane!

Chupa ya kumi na tisa, maji yakamwagika kidogo.

Nikaangalia ubao, nikaangalia chungu.

Lakini Prefe alikuwa mtu wa haki. "Amesema ishirini na nne, nitamimina ishirini na nne!" Akaendelea! Ishirini! Maji mezani. Ishirini na mbili! Maji kwenye viatu vyangu, kwenye viatu vyake. Watu wanalia kwa kucheka, mimi nalia kweli.

Shangazi akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwana wangu, umepimia wapi?"

"Nje, shangazi."

"Umehesabu na udongo! Maji yatakaa ndani ya udongo? Muntu anakunywa ukuta?"

Prefe mwenyewe akaanguka kwenye kiti kwa kicheko.

Nikaomba chaki tena, nikapima upya. Ndani: nusu kipenyo ishirini, kina thelathini. Lita kumi na nane na pointi nane na kitu. Yaani ile chupa ya kumi na tisa ilipaswa kumwaga kikombe kidogo tu cha kahawa.

Ndivyo ilivyomwaga. Wote walikuwa wameona.

"Na zile lita tano na nusu zilizozidi kwenye hesabu ya kwanza zimeenda wapi?" Prefe akauliza.

"Ni udongo wa shangazi, Bwana Prefe. Umbo la nje, toa umbo la ndani."

Akavuta fomu yangu. Kwenye mstari wa karatasi zilizowasilishwa akaandika, nikiona kwa macho yangu: "Chungu kimoja. Kimehakikiwa." Akapiga muhuri. Kisha akamwuliza shangazi kwa heshima kama darasa linaweza kubaki nacho kwa maji ya kunywa.

"Nitawaachia," akasema, "ila msijaze ishirini na nne."

Nimefundisha hesabu na katekisimu miaka mingi tangu hapo. Kila mwaka naliambia darasa: kabla ya kuzungusha chochote, uliza maji yatakaa wapi.

Kijana uliyelalamika, tafuta mtu anayefinyanga, kaa kimya umtazame. Na ninyi wengine, nani aliwafungulia somo lililokuwa limewashinda? Semeni, mzee yupo anasoma. Buletini ya mwaka wa tano sina mpaka leo.