Kitanda cha Kupigia Bandi

Magoti yangu hayana adabu. Ukiyaweka sakafuni dakika kumi, yanakugomea mbele ya watu. Ndiyo maana siku nilipomaliza kuunga vipande vya kanga za marehemu mama, na mfarishi wa kujifunikia ukabakia kupigwa bandi tu, nilianza kuizunguka nyumba yangu ya Malindi, jirani na soko la Darajani, nikitafuta mahali pa kuutandaza.

Kupiga bandi ni kuzishika tabaka tatu zisihame: nguo ya juu, pamba katikati, nguo ya chini. Unapitisha mishono mirefu ya muda, ambayo baadaye utaifumua. Video za kwenye simu zilinifunza yote hayo, ila wenzetu wa kwenye video wana meza kubwa kuliko chumba changu cha kulala.

Meza yangu ya chakula ilibeba robo ya nguo. Iliyobakia ikaning'inia na kuivuta pamba. Nikatoka nje kibarazani. Kibaraza changu ni kirefu lakini chembamba, na kila apitaye ana neno. Jirani aliniuliza kama nnashona hema la maulidi. Nikarudi ndani nimenuna.

Basi nikatandika mkeka sakafuni, nikayalazimisha magoti. Nilishona asubuhi nzima. Adhuhuri nikashika pembe mbili niuinue mfarishi, ukainuka pamoja na mkeka wake. Nilikuwa nimeushonea mkekani, mshono baada ya mshono, tena kwa uangalifu mkubwa. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia huku nikiifumua, maana nilijua tangu mwanzo wapi ningeweza kuifanya kazi ile nikiwa nimesimama.

Ni kitanda cha mama. Samadari ya zamani, iliyo juu hata kuipanda unataka kigoda. Ukiondoa godoro, mbao zake zinanifika kiunoni. Lakini kitanda kilikuwa Mbweni kwa dada yangu, na mimi na dada tulikuwa tumebakia watu wa kuamkiana misibani na siku za Idi.

Kosa lilikuwa langu. Tulipogawana vitu vya mama, kitanda kilimwangukia yeye na kasha likaniangukia mimi. Zikabakia kanga. Nyingi mama hakuwahi kuzivaa. Zilikuwa bado doti nzima, hazijakatwa wala kupindwa. Niliingiwa na wivu, nikaogopa dada atachukua zile nzuri. Nikasema kila doti tuikate katikati, kipande chake na kipande changu, na mkasi nikaushika mwenyewe. Dada alinitazama mpaka doti ya mwisho.

"Sasa hakuna mwenye nguo," alisema, akaondoka.

Alikuwa na haki. Kanga moja ya kiunoni bila ya kichwani utatoka nayo wapi? Zangu zilikaa kashani miaka, mpaka binti yangu anayeishi nchi ya baridi alipoomba kitu cha bibi yake cha kujifunikia.

Nikampigia dada simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Nnaomba kukitumia kitanda cha mama. Siku moja tu."

"Unaumwa?"

"Nnashona."

"Njoo kesho mapema," alisema.

Nilipofika, godoro lilikuwa lishaegemezwa ukutani na mbao zimefutwa vumbi. Nilitandaza kwanza kitambaa cheupe nilichonunua Darajani kiwe nguo ya chini. Dada aliushika mfarishi, akawa anavipapasa vipande kimojakimoja. Alizitambua kanga zote. Kisha akakikunja kitambaa changu cheupe, akanirudishia, akatoka chumbani. Aliporudi alikuwa na furushi. Zilikuwa nusu zake, zote, hajaivaa hata moja.

"Hizi ndizo za chini," alisema.

Tuliziunga kwa cherehani yake mpaka saa tano. Halafu tukatandaza: zake chini, pamba katikati, zangu juu. Yeye akasimama upande wa ukuta, mimi upande wa dirisha, tukaanzia katikati ili nguo isikusanye mikunjo, kila mmoja akienda kwenye ukingo wake. Hakuna aliyepiga goti. Nilikuwa na furaha ambayo niliona haya kuionesha.

"Dada," nikasema, "siku ile nilikukosea."

"Vuta upande wako," alisema. "Pana mkunjo."

Nikavuta. Sindano zetu zikapenya kanga zake na zangu pamoja. Nilipofika ukingoni nikafunga fundo, nikaanza kupapasa mbaoni, kwenye pamba, chini ya mfarishi.

"Unatafuta nini?"

"Mkasi."

"Mkasi nnao mimi," alisema bila kuinua uso. "Wewe kata kwa meno."

Nikaukata uzi kwa meno.