Mwenye Miguu Miwili Hazai Peke Yake

Iko siku naikumbuka, mwanangu, siku niliyojilinganisha na mbuzi nikajiona nimeshinda. Ilikuwa miaka michache baada ya Uganda kupata uhuru. Nilikuwa mke mpya huko Sop Sop, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa imefika mwezi wa tisa. Mimi ni Msamia, mzaliwa wa Lumino. Mama mkwe wangu alikuwa Mpadhola. Lusamia, lugha yangu, yeye haijui; Dhopadhola, lugha yake, mimi naibabaisha, basi tukakutana kwenye Kiswahili cha sokoni. Kilitutosha kwa kupikiana, kuchekeshana na kugombana pia.

Nilikuwa na majivuno, sikufichi. Kwetu msichana alipimwa kwa jinsi anavyobeba: mtungi kichwani, shingo imenyooka, mikono inaning'inia tu. Mimi niliweza kutoka mtoni na mtungi uliojaa huku nasuka kamba. Watu wakigeuka kunitazama, ndipo nilipozidi kunyooka.

Wiki ile mbuzi wetu alizaa mapacha nyuma ya jiko, kimya kimya, na kufika jioni watoto wanarukaruka. Mama mkwe aliponiambia tumwite mkunga awe karibu, nikamjibu, "Mama, mbuzi hana mkunga. Mimi nishindwe na mbuzi?" Alinitazama, akaendelea kupepeta nafaka yake ya wimbi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi mkuu wangu hata sikumpa nafasi ya kumaliza.

Siku ya soko la Nabuyoga niliamka na uchungu. Niliuficha. Nikaweka kapu la viazi vitamu kichwani nikaondoka, maana niliapa moyoni kwamba nitarudi na mtoto mkononi, halafu nione nani atanifundisha kazi. Njia inapopita kati ya mashamba ya pamba, miguu ilikataa. Nikatua kapu, nikaingia kwenye pamba, nikapiga magoti peke yangu.

Wapo wasemao kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Aliyeitunga methali hiyo nadhani alikuwa mwanamume. Jua lilipanda hadi utosini na mtoto hakuja. Mwishowe nilikigusa kichwa chake. Niliinama nimshike, nisimwone wala nisimfikie vizuri, na kila nikimvuta alikwama. Hapo niliogopa kweli. Nililia nikijua kwamba mtoto wangu anakufa, na kwamba ninayemuua ni mimi.

Mama mkwe ndiye aliyenikuta. Asubuhi ile aliniona kwa mbali, akatazama mwendo wangu, hatua zimepanuka, akajua. Alikimbilia kwa mkunga akamkosa, ndipo akanifuata njia nzima akiuliza watu, mpaka akaliona kapu limeachwa njiani. Alipiga magoti nyuma yangu, akanishika mikono.

"Wacha kuvuta," alisema. "Mutoto naangalia nyuma. Wewe navuta mbele, navunja shingo yake."

Akapitisha kidole, akaitoa kamba ya kitovu iliyokuwa imemzunguka shingoni, kisha akampokea. Binti yangu alikuwa ameshaanza kuwa wa kijivu. Akampuliza puani, akamsugua mgongo, akampuliza tena, mpaka akalia. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Nilingoja matusi, maana niliyastahili. Yeye alikaa chini kwenye udongo, akapangusa mikono, akaniambia polepole, "Mbuzi nasimama na miguu nne, mulango yake iko wazi. Wewe nasimama na mbili, mulango nakuwa kidogo. Ndiyo maana Mungu nakupa watu. Sasa wewe nataka kutembea kama mutu, kuzaa kama mbuzi?"

Nikamwomba radhi. Nikabeba mtoto, naye akabeba viazi vyangu, tukarudi nyumbani taratibu.

Miaka ilipita, nikaenda Tororo kusomea ukunga. Siku moja mwalimu alituwekea mezani mifupa miwili ya nyonga, wa sokwe na wa mtu. Akasema kwamba zamani mno, kabla hapajawa na Msamia wala Mpadhola, wazee wetu wa kale walianza kutembea kwa miguu miwili. Mikono ikapata uhuru, ikabeba chakula, ikabeba watoto, baadaye ikachonga mawe. Lakini nyonga zilibadilika ili zihimili mwili uliosimama, na njia ya uzazi ikabana. Vichwa navyo vikaja kukua. Ndiyo sababu mtoto wetu hujipinda akitoka, na mara nyingi hutoka uso umeelekea nyuma, mahali ambapo mama hawezi kumsaidia. Tena huzaliwa akiwa bado mchanga mno. Ndama husimama siku ileile; wetu humaliza mwaka mzima mikononi mwa watu.

Wenzangu waliandika. Mimi nilikaa nikitabasamu kama mjinga, kwa sababu somo lile nilishafundishwa kwenye pamba na mwanamke asiyejua kusoma. (Katekista wetu aliwahi kuniuliza kama mafundisho hayo hayagombani na Biblia. Nikamwambia Mungu hana haraka, naye hajawahi kupangiwa muda na mtu.) Nilijivuna siku ile, mwanangu, na bado najivuna, kwa mama mkwe wangu na kwa ukoo wetu wote wa binadamu. Tulisimama, njia ikawa ngumu, nasi hatukurudi kutambaa. Tuliitana. Nimepokea watoto wengi pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, pale Busia na pale Malaba, wa Wateso, Waluo, Wasamia, Wapadhola, na sijaona kabila ambalo kwao mkono mmoja hulea mwana.

Basi sikiliza. Tembea wima, na usimwombe mtu msamaha kwa sababu umenyooka. Lakini mahali mikono yako isipofika, ita watu, na uwaite mapema, wala usione haya. Na wewe ukiitwa, acha ulichoshika uende mbio, hata kama anayekuita jana alikujibu vibaya. Yule mama angeweza kukaa nyumbani akasema, mwache, si ana nguvu kama mbuzi? Binti yangu sasa ana wajukuu.

Mungu akupe mgongo usiopinda mbele ya mtu yeyote, mwanangu, na asikose kukuwekea mtu nyuma yako.