Oili ya Lori Haingii Kwenye Haibridi Yangu

Siku ambayo sijaisahau mpaka leo, mwanangu, ni ile niliyotumwa jikoni kuchemsha chai huku wanaume wakiiua trekta ya baba yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Tuliishi Njoro, kwenye kipande cha shamba ambacho zamani kilikuwa cha mzungu, na baba alikuwa na trekta moja kuukuu, nyekundu, ambayo aliipenda kutushinda sisi watoto wake. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa. Trekta hiyo ndiyo iliyotulimia, ikawalimia majirani, na ndiyo iliyonisomesha.

Dereva wake alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Baba Kariuki. Alikuwa ameendesha trekta za wazungu kabla sijazaliwa, na hapo kwetu hakuna aliyethubutu kubishana naye kuhusu mashine. Yeye oili aliipima kwa vidole. Anachomoa kijiti cha kupimia, anadondosha tone kwenye kidole gumba, analisugua na cha shahada, anatazama juu kama mtu anayeonja mchuzi, halafu anatoa hukumu. Asubuhi hiyo akasema oili imekuwa maji. Akachukua mkebe wa oili nzito ya gia, ile inayovutika kama asali, akaanza kuimimina kwenye injini.

Mimi nilikuwa nimekisoma kitabu cha ile trekta. Kilikaa ndani ya sanduku la mama, kimefungwa kwa nailoni, na kwa vile nilikuwa wa kwanza nyumbani kujua Kiingereza, nilikimaliza kama hadithi. Kilisema wazi kwamba mahali pa baridi injini inataka oili nyepesi. Na Njoro asubuhi unaijua, ukiongea unatoa mvuke mdomoni. Nikasema, "Baba Kariuki, kitabu kinasema siyo hiyo." Akanitazama, akawatazama majirani wawili waliokuwa wamesimama hapo, wakacheka wote watatu. "Wewe msichana, enda utuchemshie chai."

Nikaenda. Nikaichemsha. Nikawaletea hata na mkate.

Siku ya nne trekta ilikwama katikati ya shamba la jirani, injini imeshikana, haizunguki mbele wala nyuma. Mvua ikaja ikatukuta hatujalima. Mwaka huo tulipanda kwa jembe, sehemu ndogo tu, na mahindi tuliyovuna yalikwisha kabla ya Krismasi.

Sasa sikia. Baba hakumgombeza Baba Kariuki. Aliniita mimi, nikasimama mbele yake pale mlangoni.

"Ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Na ukanyamaza?"

"Waliniambia nichemshe chai."

Akaniuliza polepole, "Na hiyo chai imelima ekari ngapi?"

Nililia, mwanangu. Nilikasirika pia, na hasira hiyo nilikaa nayo miaka mingi, kwa sababu niliona ninaonewa. Aliyemimina oili si mimi! Lakini baba hakuwa ananiuliza habari za oili. Alikuwa ananiuliza kwa nini nilikuwa na kweli mdomoni nikaimeza kwa kuogopa kuchekwa na watu watatu. Hilo nilikuja kulielewa nikiwa tayari mwalimu, nikiwa na watoto wangu mwenyewe.

Sasa turuke miaka zaidi ya arobaini. Nimestaafu, ninaishi hapa Kiamunyi na mzee wangu, Baba Jerono, na figo zake zimegoma. Kila Jumatano na Jumamosi, saa moja asubuhi kamili, ni lazima awe hospitalini mjini ashikanishwe na mashine ya kusafisha damu. Ukichelewa, anaingia mwingine, na mgonjwa wa figo hana wiki ya kupoteza. Akitoka hapo anakuwa hana nguvu, mara nyingine anatapika njiani, na teksi tuliyojaribu mwanzoni dereva wake alituonyesha uso ambao mzee wangu hakutaka kuuona tena. Kwa hivyo watoto walichanga wakatununulia gari dogo la haibridi, lile la injini ya petroli na betri ya umeme pamoja, lililokwishatumika Japani. Mimi ndiye dereva. Kiti cha abiria ninakilaza nyuma, ninaweka mto na beseni, na tunaenda zetu. Gari hilo likifa, pensheni ya mwalimu hainunui lingine. Hilo nililijua kila siku nilipopiga stata.

Makanika wetu wa siku zote alikuwa amehamia Naivasha, kwa hivyo Jumanne moja asubuhi nikalipeleka gari kwenye gereji moja kule Free Area libadilishwe oili. Nikakutana hapo na mwanafunzi wangu wa zamani, tukaongea kidogo tu, habari za watoto, habari za nani ameolewa. Niliporudi kwenye gari nikakuta oili ya zamani imekwisha kumwagwa, filta imewekwa mpya, na kijana wa ovaroli anamalizia kumimina mpya kutoka kwenye galoni kubwa. Nikasoma galoni. 20W-50, oili nzito ya kawaida, ile wanayowekea malori.

Nikamuuliza, "Mmeweka nini?"

"Mathe, ile ilikuwa imekuwa maji kabisa." Akanionyesha, anaisugua kwa gumba na kidole cha shahada. Nikamwona Baba Kariuki mbele yangu. "Hii ni kitu ya kushika. Injini itanyamaza, utaona."

Nikamwambia maadamu injini haijapigwa stata, oili hiyo imwagwe sasa hivi. Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Akaitwa mwenye gereji, mtu mzima, mnene, wanayemwita Masta. Akaja akanishika mkono kwa heshima, akaniambia nisiwe na wasiwasi, yeye amefanya kazi hiyo miaka ishirini na tano, hii oili nyepesi ni mambo ya Japani, barabara zetu na gari la umri huu linataka oili nzito. Kisha akamgeukia mmoja wa vijana wake. "Mpatie shosho kiti akae hapo kwa kivuli, na mmletee chai."

Chai! Mwanangu, wangenitukana ingekuwa afadhali.

Nikafungua mlango wa gari langu, nikaketi kwenye kiti cha dereva, nikafunga mkanda, na ufunguo nikautia kifuani. Nikawaambia, "Sinywi chai ya mtu. Na sitoki hapa mpaka mumwage hiyo oili."

Masta akaja dirishani. Akanieleza tena, taratibu, kama mtu anayemwongelesha mgonjwa wa malaria. Mimi nikamwambia, "Fungua boneti, lete kifuniko cha oili hapa, unisomee." Akakileta. Kilikuwa na grisi, akakipangusa na mkono wa ovaroli, akakisogeza karibu na macho. 0W-20, nyepesi kabisa. Imechorwa hapo hapo kwenye plastiki na watu walioiunda injini.

"Kumbe imeandikwa," akasema.

"Imeandikwa. Vidole vyako vimefunzwa na malori, Masta, na sikuvunjii heshima. Lakini lori likiwaka asubuhi linawaka mpaka jioni. Injini ya hili gari inazima yenyewe nikishuka mteremko, inazima nikisimama kwa taa, halafu inashtuka tu na kuanza kazi mbio bila kuniuliza, mara nyingi njiani. Kila ikishtuka inataka oili ifike juu saa hiyo hiyo. Hebu vuta uji mzito kwa mrija uone utachukua muda gani kufika mdomoni."

Kijana mmoja akacheka, safari hii hanicheki mimi. Masta akakuna kichwa. Akasema sawa, lakini nyepesi hiyo yeye hana. Kama anaimwaga, gari litabaki hapo limeinuliwa juu ya mawe mpaka nilete oili yangu, na yeye anafunga saa kumi na moja. Chaguo ni langu.

Nikampigia mzee wangu simu. Kesho ilikuwa Jumatano. Nikamweleza. Nikasikia anavyohema, ile pumzi fupi aliyokuwa nayo siku ya kabla ya mashine, maji yamemjaa mwilini. Akasema, "Mama Jerono, wacha tu waweke. Uje na gari nyumbani. Mimi nisikose mashine."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, mwanangu, wala si mbele ya wale makanika. Watu wa gereji hata wangekuwa mia ningewakabili. Lakini huyu ni mume wangu, ni mgonjwa, na ananiomba. Niliogopa. Nikipata oili hiyo, vizuri. Nikikosa, nimemnyima mtu wangu gari kwa ubishi wangu, na huenda nimemnyima zaidi ya gari. Na nikikubali, kesho tutafika, na Jumamosi tutafika, halafu siku moja injini itaanza kugonga njiani na yeye amelala hapo kando yangu. Nikamwambia, "Baba Jerono, kesho utafika. Lakini hiyo oili haingii kwa hili gari." Akakata simu. Katika ndoa yetu yote hakuwa amewahi kunikatia simu.

Nikatoka kwenye gari. Masta akaimwaga. Nikasimama nikaangalia mpaka tone la mwisho.

Kisha nikapanda pikipiki ya boda, mimi na miaka yangu sitini na saba, helmeti inaniteleza mpaka puani. Duka la kwanza mjini wakaniambia hakuna. La pili wakaniletea galoni limeandikwa sintetiki, ile oili ya kuundwa kiwandani, kwa herufi kubwa za dhahabu, na kijana ananiapia kwamba hiyo ndiyo yenyewe. Nikaligeuza, nikakuta ni 5W-40. Nikamwambia, "Sintetiki nimeiona. Namba iko wapi?" Akasema ni kitu moja. Nikamwachia. La tatu wakawa nayo, lakini kifuniko kilikuwa kimelegea na ile pete ya chini imekatika, na oili iliyokwisha kufunguliwa siinunui, hata kama ni ya mwisho duniani. Saa kumi ikagonga. Nilishaanza kujiita mjinga kwa sauti, mpaka yule wa boda akaniuliza, "Shosho, uko sawa?" Nikamwambia twende tu.

Duka la nne, kibanda kidogo nyuma ya stendi, mama mmoja aliyejifunga leso alinyoosha mkono kwenye rafu ya juu bila hata kuinuka vizuri. 0W-20, sintetiki, muhuri mzima. Nilimkumbatia mwanamke wa watu. Galoni nikalipakata kwenye boda kama mtoto mchanga, tukafika gereji Masta ameshashika kufuli mkononi. Akanitazama, akatazama galoni, akairudisha kufuli mfukoni. Oili aliimimina yeye mwenyewe.

Asubuhi, saa kumi na mbili, mzee wangu alikuwa amelala kwenye kiti chake garini, amefumba macho. Tulipofika lami ndipo akafungua macho. "Ulinikasirisha jana."

"Najua."

"Na ungeikosa?"

"Ningekubeba mgongoni."

Akacheka mpaka akakohoa. Tukaingia hospitalini zamu yake haijaitwa.

Kwa hivyo leo ukiniuliza, mwanangu, haibridi yako uiwekee sintetiki au oili ya kawaida, nitakujibu hivi. Anza na kitabu cha gari, na kifuniko cha injini. Tafuta ile namba kwanza. Ikiwa ni hizi nyepesi, sifuri na kitu, utakachopata chenye namba hiyo karibu kila mara ni sintetiki, na usikubali kuambiwa ni oili ya matajiri. Kama gari lako ni la zamani na kitabu chake kinaruhusu oili ya kawaida, weka, hakuna dhambi, ila uibadilishe mapema zaidi. Neno sintetiki peke yake lisikudanganye, angalia namba. Angalia muhuri. Simama hapo wanapomimina, usiende kupiga stori kama mimi. Na wakikuambia wewe ni msichana, au ni mzee, au hujui magari, waache waseme, wewe usisogee. Heshima si kunyamaza. Mimi nimewaheshimu wazee maisha yangu yote, na mara moja niliyowanyamazia nyumba nzima ililala njaa.

Mzee wangu aliishi mwaka mmoja na miezi minane baada ya hiyo Jumatano. Kila Jumatano, kila Jumamosi. Hakukosa mashine hata mara moja kwa sababu ya gari, na siku alipokosa ni kwa kuwa Mungu alikuwa amemwita usiku huo, amelala kitandani mwake, mkono wake kwenye mkono wangu.

Mungu akupe akili ya kusoma na kichwa kigumu cha kusimamia ulichokisoma. Akulinde barabarani, akulindie wote utakaowabeba. Enda salama, mwanangu.