Mstari Niliomsomea Koko

Jumamosi iliyopita nilienda kumsalimia jirani yetu wa zamani, ambaye siku hizi anakaa kwa binti yake hapa Kitengela, ghorofa ya tatu. Amezeeka, na macho yameingia ukungu. Kabla hata sijakaa vizuri akanisukumia Biblia mapajani. "Nisomee kidogo," akasema. "Si wewe ndiye ulikuwa unasomea nyanya yako kila asubuhi?" Nikafungua, nikaifunga tena. Ngoja nikueleze kwa nini, maana nimekaa na jambo hili tangu darasa la nne na bado sijalielewa.

Nililelewa na nyanya, nje kidogo ya mji wa Kajiado, wakati mama akifanya kazi Nairobi. Tulimwita Koko, kama Wamaasai wanavyowaita nyanya zao. Koko hakujua kusoma. Alibatizwa akiwa mtu mzima, akanunua Biblia ya Kiswahili, akaifungia kwenye sanduku la bati mpaka siku mtu wa nyumba yake atakapojua kusoma. Mtu huyo nikawa mimi.

Asubuhi zote zilifanana. Niliamshwa na maziwa yakigonga kibuyu, halafu moshi, halafu chai ikichemka kwenye sufuria, maziwa mengi, majani kidogo, na ile harufu ya kibuyu kilichofukizwa kwa kuni za mzeituni. Koko alinimiminia kikombe, akajimiminia chake, na hakuna aliyegusa. Kwanza nisome. Tulisoma ukurasa baada ya ukurasa, bila kuruka kitu. Nikimaliza, alitazama moto kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko mahubiri ya Jumapili, kisha akauliza, "Neno linatuambia nini leo?" Nilijibu chochote kilichonijia. Halafu aliomba kwa Kimaasai, akitaja mvua, ng'ombe, mama yangu, wagonjwa, mmoja mmoja, nami nikiitikia "Naai", yaani Ee Mungu, kila alipopumua. Tukifika amina, chai ilikuwa imeshika utando.

Mwaka nilipokuwa darasa la nne, Koko hakuwa anaongea na jirani huyu niliyemtembelea. Jirani na mume wake walikuwa wametoka Ukambani, wakanunua shamba kando yetu, wakalizungushia seng'enge ili ng'ombe wasimalize mahindi. Seng'enge ikafunga njia ya bwawani. Siku moja ndama wa Koko alinaswa humo, akajikata shingo akijaribu kujitoa, akafa. Jirani alikuja kuomba msamaha na maharagwe kwa ndoo. Koko alimwangalia tu, mpaka yule mama akarudi nayo. Tangu hapo hakuna salamu. Nami nikakatazwa kucheza na binti yake, na sikuwa na rafiki mwingine.

Lakini maombi hayakusimama. Kila asubuhi Koko alitaja watu wote, akifika kwa jirani anamruka, kama mtu anayeruka tope. Nilikuwa mtoto, lakini nilisikia ule mruko.

Asubuhi moja tukafika kwenye orodha ya majina, wazee na wana wao, marefu yasiyotamkika. Ulimi ulikuwa umechoka. Nikainua macho, na kupitia mlangoni nikamwona binti wa jirani amesimama upande wake wa seng'enge, na sweta ya shule, akinitazama. Nikarudisha macho kwenye kitabu. Kidole kilikuwa bado kwenye mstari. Na mdomo wangu ukasema, kwa sauti ile ile ya kusoma: "Mtu akiwa na ugomvi na jirani yake, asinywe chai mpaka aende kumsalimia."

Chai! Hata mimi nilishtuka. Nani kwenye Biblia aliwahi kunywa chai?

Siku hiyo Koko hakuuliza Neno linatuambia nini. Akainua kikombe mpaka karibu na mdomo, akakirudisha chini. Akajifunga shuka, akatoka. Nilimtazama akizunguka shamba lote lile, maana upande wetu hakukuwa na lango. Jirani alijua kusoma. Nilikuwa na hakika Koko ataambiwa hakuna maneno kama hayo, na atarudi na fimbo.

Alirudi jua likiwa limepanda, nikiwa nimeshachelewa shule. Hakuwa na fimbo. Wiki hiyo mume wa jirani alikata seng'enge akaweka lango, ng'ombe wakapita kwenda bwawani, na mimi nikarudi kucheza.

Unaona shida yangu? Nilidanganya kwa kitabu cha Mungu, na kila kitu kikawa kizuri. Nilingoja adhabu, haikuja. Hata mvua ilinyesha. Nilijaribu kutubu, nikashindwa nianzie wapi, kwa sababu nilihisi nikisema nimekosa, ni kama ninaomba seng'enge irudi.

Kisha Jumapili moja Koko akasimama kanisani kutoa ushuhuda, akamwomba mwinjilisti asome ule mstari wa chai. Watu wakacheka kidogo. Mwinjilisti aliniangalia mimi, akaangalia Biblia yake, akasema, "Huo tutausoma siku nyingine, mama." Siku hiyo haikufika, wala hakunikemea. Nikaenda shule ya bweni. Koko alifariki nikiwa kidato cha tatu, sijamwambia.

Basi Jumamosi nilimwambia jirani yote. Alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe mtoto! Siku hiyo nyanya yako alisimama kwa mlango wangu akasema, 'Huyu mtoto amenisomea kitu. Sijui ni Mungu, sijui ni yeye. Lakini chai imekataa kushuka.' Mimi nikamwekea ingine, tukakunywa."

"Kwa hivyo alijua?"

"Sasa hiyo mimi nitajuaje?"

"Na mbona akasimama kanisani?"

Alipapasa meza akitafuta mkono wangu. "Soma," akasema. Nikasoma.

Njiani kurudi nyumbani nilijaribu kupanga haya mambo kichwani, yakakataa kupangika. Kama alijua, alikuwa akimshukuru nani mbele ya watu wote wale? Na kama hakujua, yale maneno niliyatoa wapi?

Hakuna wa kumuuliza. Shamba la Koko lilikatwa vipande likauzwa, na ile njia ya bwawani sasa ni nyumba za kupanga. Mimi naishi hapa Kitengela kwenye jengo lenye milango ishirini, na yule wa mlango wa pili sijui hata anaitwa nani. Bado nasoma kila asubuhi, kwenye simu, kimya, dakika chache kabla ya kazi. Nasoma sawasawa, neno kwa neno, siongezi kitu. Na sijawahi hata mara moja kuinuka hapo nikaenda kubisha kwa mtu.