Zamu ya Kulinda Ngamia

Juzi hospitalini hapa Isiolo, mtafiti aliyemaliza miaka kumi akichunguza usingizi wa walionusurika vita vya miaka ya sitini alimuuliza mzee mmoja mfugaji, aliyekuwa foleni pamoja nami, kwa nini halali.

“Nalinda ngamia, mama.”

“Wako wapi?”

“Walipigwa risasi wote.”

“Sasa unalinda nini?”

“Zamu ni yangu. Ndugu ya kunipokea alikufa na hao ngamia.”

Mtafiti aliweka kalamu chini. “Basi mzee, nimekupokea. Lala.”

Mzee alimtazama miguuni. “Na hiyo viatu ya visigino? Fisi atacheka.”

Mtafiti akavua viatu. Mzee akajilaza kwenye benchi, akakoroma.

Mtafiti alisimama peku hadi adhuhuri, na fomu yake ikabaki tupu. Mimi, ambaye silali tangu mke wangu afariki, sikuona kasoro yoyote katika utafiti ule.