Jina Lililofutwa Kwenye Kompyuta ya Zahanati

Kijijini Kimuli, mbegu ya maharagwe huitwa kwa jina la aliyeileta. Mukantabana alileta zake kutoka Rwanda akiwa msichana, amezifunga kwenye pindo la kanga, nyekundu zenye mabaka meupe. Alizigawa kwa kila aliyeomba. Baada ya miaka mingi mtu angeweza kununua sado moja ya “za Mukantabana” mnadani bila kumfahamu mwenye jina. Hilo halikumkera, kuuza kuliruhusiwa. Kilichokatazwa ni kumnyima mbegu anayeomba, au kuulizwa ni za nani ukanyamaza. Na mtu mwenye adabu, akishavuna, alirudi kumweleza aliyempa jinsi zilivyoota.

Theoneste, mwanawe wa pekee, alikulia katika desturi hiyo. Kambi za wakimbizi zilipofunguliwa mwaka 1994 alipata ukarani kwenye shirika moja la misaada, na huko akajifunza kompyuta. Kambi zilipofungwa alirudi nyumbani na mashine moja kuukuu. Akaitengenezea zahanati ya Kimuli programu ya kuonyesha ni watoto gani wamefikia siku ya chanjo na wanakaa kilima gani. Aliandika jioni, kwa umeme wa jua, mpaka mama yake alipomfokea kwa maneno yale yale ya kila siku: “Kalale, kesho kuna watoto.”

Programu hiyo aliigawa bure kwa zahanati nyingine kwa disketi. Kwenye kila disketi aliweka leseni iliyokwisha kuandikwa na watu wa ng’ambo, wanaotaka programu ziwe huru. Renatha, muuguzi wa zahanati, alipomuuliza inasema nini, Theoneste alicheka.

“Inasema kama mama anavyosema kuhusu maharagwe. Nakili, badilisha, uza ukitaka. Lakini unayempa umpe na maandishi yenyewe ya programu, ili naye aweze kuibadilisha. Umwachie haki zile zile. Na jina la aliyeiandika usilifute.”

Mwaka 1997 homa ya juma moja tu ilimwondoa Theoneste duniani.

Tangu hapo, kila siku ya kliniki, Mukantabana alipita zahanati. Renatha aliwasha mashine, na kwenye kioo yakatokea maandishi ya kijani: *Imeandikwa na Theoneste wa Mukantabana, Kimuli*. Mukantabana alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima. Alisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kisha akaenda zake kibanjani kupalilia migomba yake. Hakuwa na picha ya mwanawe. Alikuwa na mstari huo.

Mwaka uliofuata mashine ile ilikufa. Zahanati ikanunuliwa nyingine, pamoja na programu mpya ndani ya boksi zuri, kutoka kwa kampuni ya Mutalemwa, kijana wa Muleba mwenye duka mjini Bukoba. Renatha alipoiwasha alishtuka. Kila kitu kilikuwa kile kile, ila mstari wa kwanza sasa ulitaja kampuni tu. Alipoizima, kioo kikaandika, kama ile ya zamani: *Kalale, kesho kuna watoto.*

Mukantabana alikuwa amesimama nyuma yake. Alisoma mara mbili.

“Hayo ni maneno yangu,” alisema. Kisha uso wake ukang’aa. “Kumbe mbegu yake imefika mbali! Huyo kijana atakuja kunieleza ilivyoota. Akija, Nesi, umlete nyumbani kwanza.”

Renatha alikosa moyo wa kumsahihisha.

Mutalemwa alikuja baada ya wiki kadhaa, kwa sababu kilima kipya kilikuwa hakiingii kwenye programu na Renatha hakuweza kukiongeza mwenyewe. Alikuta ndizi na maharagwe mezani kwa Mukantabana.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa, ule. Nieleze ya Theoneste.”

Mutalemwa alimtazama Renatha. “Theoneste ndiye nani?”

Mkono wa Mukantabana uliokuwa ukipakua ulisimama hewani. Renatha akamweleza mgeni, kwa sauti ya chini, programu ni ya nani.

“Fundi wangu aliipata kwenye disketi ya zahanati moja,” Mutalemwa alisema. “Ilikuwa ya bure, mama. Sikumwibia mtu.”

“Bure, ndiyo,” Mukantabana alijibu. “Na mbegu zangu ni za bure.”

“Basi jina lake limekwenda wapi?” Renatha aliuliza.

Mutalemwa alikuna kichwa. “Wateja wakiona jina la mtu wa Kimuli, watauliza kwa nini wanilipe mimi.”

“Wakulipe kwa safari na kwa kutufundisha. Hilo leseni inakuruhusu. Lakini maandishi ya programu umeyaficha, kilima kimoja kinatushinda mpaka tukuite! Kaka, wenzako wanagawa mbegu, wewe unatuletea maharagwe yaliyopikwa. Yapande basi tuone!”

Mutalemwa alicheka bila kutaka, akatazama sahani yake. “Haya yenyewe matamu kweli. Mama yangu angeyapenda.”

Mukantabana aliinuka. Renatha alidhani amekasirika. Alirudi na mbegu kwenye kikapu kidogo, akazimimina mikononi mwa mgeni.

“Mpelekee. Akiombwa, atoe. Akiulizwa ni za nani, aseme.” Akakung’uta kikapu. “Mimi nitakufa na haya yatabaki na jina langu. Mwanangu hakuacha mtoto, baba. Aliacha kile kimstari.”

Mutalemwa hakuahidi kitu. Alifunga mbegu kwenye leso yake, polepole, fundo juu ya fundo.

Alirudi mvua za vuli zilipokwisha. Alileta disketi mbili, moja ya programu na moja ya maandishi yake yote, pamoja na leseni. Maboksi aliyokwisha kuuza Bukoba, alisema, hajayafikia yote, anayafuatilia.

“Na mbegu?” Mukantabana aliuliza.

“Zimeota, mama. Jirani za mama yangu wameshaanza kuomba. Wanaziita za Mukantabana, ila jina hawajui kulitamka vizuri.”

“Watajifunza.”

Renatha aliiweka programu kwenye mashine, akaiwasha. Mukantabana akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kusoma mstari wa mwanawe kutoka herufi ya kwanza, na hakuna aliyemharakisha. Kliniki ilipokwisha, Renatha aliizima mbele yake.

*Kalale, kesho kuna watoto.*

“Haya, baba,” Mukantabana alikiambia kioo, akachukua jembe lake mlangoni.