Kola Iliyokaa Sawa

Habari ilianzia bombani. "Fundi kachanganyikiwa," muuza mkaa alisema, huku akisogeza ndoo yake mbele ya foleni kana kwamba hakuna anayemwona. "Kakata shati jipya la mteja vipande vipande. Shati lisilo na kosa."

Mama Pacha aliacha ndoo yake kwenye foleni. Alimfunga pacha mmoja mgongoni, wa pili akamshika mkono, akaenda kwa fundi, jirani yake.

Fundi alikuwa nyuma ya cherehani, mkasi bado mkononi, vipande vyeupe vimezagaa miguuni. Binti yake wa darasa la sita alisimama pembeni, macho mekundu.

"Ni kweli, shoga?"

"Kweli tupu. Shati halikuwa na kosa. Hilo ndilo kosa lenyewe."

Fundi alikuwa amekwenda kununua uzi. Kurudi, akamkuta kaka yake, mwenye cherehani hiyo, ameshika shati, anageuza kola huku na huku, anatabasamu. Binti alikuwa ameishona peke yake, kisha akajisifu kwa mjomba.

"Akanambia, 'Dada, huyu ameshaiva. Kichwa hiki unakiozesha shuleni cha nini? Kesho naleta cherehani ya pili.' Maneno ya baba yetu, neno kwa neno. Nilikuwa wa kwanza darasani mimi. Nikashona kola, nisifiwe. Nikasifiwa, na kesho yake nikakalishwa hapa. Mama yangu naye alikuwa mwepesi wa mikono, akatolewa shule akafanye kazi kwenye nyumba za watu. Kwetu anayesoma ni yule asiyefaa kwa lolote. Kaka karudia darasa mara mbili, hakuna aliyemtoa shule. Leo ndiye bosi wangu."

Mama Pacha aliokota kipande kimoja cheupe, akakigeuza.

"Nikamwambia kola ni kazi yangu, mtoto kamdanganya," fundi aliendelea. " Hakuamini. Akataka kuondoka na shati, akawaonyeshe watu. Ndipo nikachukua mkasi."

"Ilikaa sawa, mama," binti alinong'ona.

"Ilikaa sawa mno, mwanangu." Fundi alimvuta, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akamgeukia jirani yake, sauti bado ina moto.

"Wewe bombani wanakusikiliza. Waambie mwanangu hata uzi hajui kuutia kwenye sindano. Waambie ni mzito, mpaka kaka asikie kwa watu aamini. Na wakimcheka, shoga, nakuomba, usimtetee."